Pampu mbili ndogo au moja kubwa? Mkondo wa maji kwenye tangi la matumbawe, nikiwa Dodoma

Habari za saa hizi, wadau. Karibuni tena sebuleni kwangu, Ipagala, Dodoma, kilomita mia nne na zaidi kwa barabara kutoka bahari ilipo. Leo nazungumzia hizi pampu mbili za mawimbi, zile za kuyazungusha maji ndani ya tangi, ambazo nimezitumia miezi miwili sasa. Jina nimelifunika kwa soloteipu, mnaliona hapa. Mtengenezaji hajanilipa hata senti, halafu pampu za aina hii zinafanana kama mayai, kwa hiyo nitakayosema yatakufaa hata kama yako ina jina lingine.

Tuanze na kipande hiki nilichorekodi kabla sijazifunga. Angalia kona ya kushoto, nyuma ya jiwe. Unaona uchafu wa kahawia umejaa pale? Na ule utando mwekundu juu ya mchanga, kama mlenda? Pale maji yamelala. Kwetu Mafia kuna siku tunaziita za maji mafu, bahari haijai sana wala haipwi sana, halafu linarudi bamvua, maji yanajaa na kupwa sana, mambo yanachangamka. Kwenye kona hii bamvua halikuwahi kufika.

Sasa kwa nini nahangaika na kona? Tumbawe ni mnyama, jamani, si jiwe wala ua. Ila ni mnyama aliyekaa mahali pamoja maisha yake yote. Hawezi kwenda kutafuta chakula, hawezi kwenda chooni. Maji ndiyo yamletee, maji ndiyo yamwondolee. Na kuna utando mwembamba wa maji yaliyotulia unaomfunika, ambao oksijeni hupenya humo taratibu mno. Mkondo ukipita, utando ule unapungua unene. Ni kama jinzi mbichi. Ianike chumbani ufunge madirisha, hata kukiwa na joto, jioni bado ina maji, kwa sababu unyevu umeizingira na hauna pa kwenda. Itoe nje ipigwe na upepo wetu huu wa mwezi wa nane, hujamaliza kunywa chai imekauka.

Haya, hesabu. Tangi langu lina urefu wa sentimita 120, upana 50, kimo 50. Hiyo ni lita 300. Toa mawe, mchanga na nafasi ya juu, maji yenyewe ni kama lita 240. Wafugaji wengi wenye matumbawe mchanganyiko hulenga mkondo wa mara 20 hadi 40 ya maji ya tangi kwa saa. Matumbawe laini yanaridhika na chini ya hapo, Acropora, lile tumbawe gumu la matawi, anataka zaidi. Boksi la pampu hii linasema lita 4,000 kwa saa. Ziko mbili, 8,000. Gawa kwa 240, mara 33. Kwenye karatasi nimefaulu.

Lakini namba ya boksi usiiabudu. Ile pampu yangu nyingine, inayopandisha maji kutoka tangi la chini, imeandikwa 3,000. Nikachukua ndoo ya lita 20, nikaelekeza mpira humo, nikabonyeza saa ya simu. Sekunde 50 ndoo ikajaa. Hiyo ni lita 1,440 kwa saa, hata nusu haifiki! Hakuna aliyeniibia. Namba ya boksi hupimwa bila kupandisha maji, yangu inayapandisha mita moja na robo na kuyapitisha kwenye elbo tatu.

Pampu ya mawimbi huwezi kuipima kwa ndoo, maana inasukuma maji humo humo ndani. Hapo kipimo ni macho. Mimi nasaga chakula cha samaki kidogo, naachia juu, halafu naketi kwenye kigoda kuangalia chembe zinakwenda wapi. Zikinyooka kama mshale, tatizo. Zikizunguka, zikagongana, zikabadili njia, vizuri. Zikitua mahali na kubaki, umeshajua pa kushughulikia.

Na hapa ndipo pesa yangu ya kwanza ilipopotelea. Nilianza na pampu moja kubwa ya 8,000. Namba ni ileile, si ndiyo? Basi upande wa pampu mchanga ulichimbika mpaka kioo cha chini kikaonekana. Tumbawe lililokuwa mbele yake likachunika nyama upande mmoja, ukabaki mfupa mweupe. Kona ya kushoto ile, bado maji mafu. Mgeni wangu mmoja aliyezoea kuniuliza hawa samaki wataliwa lini, siku hiyo aliuliza kama nafua nguo humo.

Hizi ndogo mbili nimeziweka hivi: moja kulia, moja kushoto, karibu theluthi ya juu ya tangi, kila moja nimeiinamisha kidogo kuelekea kioo cha mbele. Mikondo inakutana katikati na kuvunjika. Hakuna tumbawe linalopigwa moja kwa moja. Na haziwaki kwa nguvu pamoja. Hii inasukuma, ile inapumzika, kisha zinabadilishana. Utotoni tukiogelea ghuba ya Chole, maji yalikuwa yanaingia kwa kasi kwenye mlango wa Kinasi bahari ikijaa, halafu saa kama sita baadaye yanatoka na njia ileile. Matumbawe ya pale yanainamia huku, baadaye yanainamia kule. Tazama hili la mikono laini linavyoyumba sasa. Wiki ya tatu tu kona ile ikawa safi, na ule utando mwekundu nilioufyonza kwa mpira haujarudi.

Sifa nyingine, kelele. Sikiliza... nimesogeza maiki mpaka kwenye kioo. Feni inaishinda. Sumaku inashika vizuri kwenye kioo changu cha milimita 10. Bei, kila moja chini kidogo ya laki mbili, nikazipokea kutoka Dar kwa treni ya umeme.

Sasa lawama. Kubwa kabisa: umeme ukikatika na kurudi, moja kati ya hizi inasahau mwendo niliouweka na kuanza na nguvu zote. Ilinitokea saa nane usiku. Asubuhi tangi lilikuwa kama Dodoma penyewe mwezi wa tisa, vumbi mtindo mmoja, mchanga umekaa juu ya matumbawe. Ile nyingine inakumbuka, na ni toleo lilelile, kwa hiyo kabla hujaondoka dukani chomoa na uchomeke tena uone. Pili, waya ni mfupi. Usiunyooshe hadi kwenye soketi. Acha uning'inie chini ya soketi kwanza ndipo upande, ili maji ya chumvi yakitiririka yadondoke sakafuni.

Na kuhusu umeme kukatika, sisi wa huku tunapaswa kuogopa zaidi. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo. Maji yakisimama, samaki ndio wanaanza kuhema juu. Kwa hiyo pampu moja nimeiweka kwenye inveta na betri, mwendo wa chini, na nimeielekeza juu kidogo ili uso wa maji ucheze. Uso ukicheza maji yanapungua haraka na hewa yetu hii kavu, naongeza maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi kila asubuhi. Chumvi haipotei, msiiongeze.

Usafi: kila miezi miwili unaifungua, unatoa panga, unaloweka kwenye siki na maji, nusu kwa nusu, kwa muda wa saa moja. Chokaa yote inaachia. Kagua na sumaku. Ikipasuka ganda, itupe, kutu ikiingia kwenye maji utalia.

Kuna mdau aliniuliza kama anaweza kuokota tumbawe akienda Bagamoyo. Hapana, kaka. Chukua vipande vilivyooteshwa kwenye matangi, na matumbawe magumu yakivuka mpaka yanahitaji kibali cha CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini.

Kwa hiyo ningenunua tena? Hizi mbili, ndiyo. Ile kubwa ipo kwenye kabati, mwenye tangi la lita 600 aniandikie.

Nabonyeza hapa kitufe cha kulisha, zote zinasimama dakika kumi. Sogea karibu na kioo. Unaona vile vidole vinavyofunguka? Wanajua.