Vimbweta, maktaba au madarasa ya usiku: miaka mitatu ya kutafuta pa kusomea Iringa

Zimebaki wiki mbili nimalize chuo. Kabla sijafunga begi nimeona niwaachie wadogo zangu mtakaopanda mlima wa Kitonga kuja Iringa mwezi wa kumi jambo ambalo mimi sikuambiwa na mtu, nalo ni pa kukaa na daftari lako. Chuo chenyewe sikitaji, maana cheti changu bado kiko mikononi mwao.

Mimi ni mtu wa Ifakara. Siku ya kwanza nakuja huku, basi lilipoanza kukata kona za Kitonga abiria wazoefu walitoa masweta kwenye mabegi, nami nikawacheka kimoyomoyo. Iringa mjini iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Namba hiyo nilifundishwa shule nikaisahau. Mwezi wa sita niliielewa kwa vidole, kalamu ilipokuwa haishikiki. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema mahali pa kusomea huchaguliwa kwa utulivu, muulize kasoma wapi. Huku tunaanza na baridi, halafu soketi, halafu njia ya kurudi hosteli usiku kama wewe ni msichana. Utulivu utaufikiria baadaye.

Chumbani nilipajaribu muhula wa kwanza wote, kwa uvivu tu. Chumba cha watu wanne, tuko sita, maana wawili wamebebwa, yaani hawana chumba, tunawahifadhi. Mmoja anasonga ugali kwenye jiko la umeme ambalo haliruhusiwi, mwingine anaongea na mchumba wake wa Makambako kwa kunong'ona kunakosikika hadi koridoni. Nikaona nipande kitandani, nijifunike blanketi, nisomee huko huko. Nilikuwa nafika ukurasa wa tatu. Wa nne sijawahi kuuona. Muhula ule nilipata sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia, na zote mbili nalidai blanketi.

Maktaba ndiko kila mtu atakakokuelekeza. Begi unaliacha mlangoni, unapewa kibao cha namba, unaingia umekumbatia karatasi, chaja na kompyuta kama mtu aliyetoka kuokoa vitu kwenye moto. Vitabu vinavyogombewa na darasa zima viko kaunta: unaandikisha jina, unapewa kwa muda wa saa mbili, unasomea humo humo na kurudisha. Kwa somo lenye kitabu kimoja na wanafunzi zaidi ya mia, hiyo kaunta ni mkombozi, na yule mama anayeikaa anakumbuka nani alichelewesha kitabu tangu mwaka wa kwanza. Namheshimu sana. Namwogopa pia.

Tatizo la maktaba yetu ni nguzo. Upande tunaokaa una soketi nyingi ukutani, ila inayotoa umeme ni ile iliyo chini ya nguzo ya tatu kutoka dirishani. Meza ya nguzo, ndivyo tunavyoiita. Kuipata unatakiwa uwe mlangoni kabla ya mlinzi hajafungua, umesimama na wenzako kumi mnaotazamana kama wagombea. Mlango ukifunguliwa hakuna anayekimbia, maana ni maktaba. Tunatembea ule mwendo wa haraka wa mtu anayejifanya hana haraka. Nilinunua ekstensheni ya mita tano mwaka wa pili, nikawa nawaunganishia watu wawili watatu. Nilipata marafiki kwa hiyo waya kuliko nilivyopata kwa tabia yangu.

Na si kila aliyeko maktaba anasoma. Pita nyuma ya viti uone. Nusu wanaangalia sizoni, zile tamthilia za mfululizo, spika za masikioni zimekolea, huku desa, yaani notsi za somo, limefunguliwa pembeni kwa heshima ya mahali. Nasema hivi kwa sababu na mimi nilikuwamo. Kilichoniponya ni kaka mmoja wa mwaka wa tatu aliyekuwa anakaa mbele yangu kila siku ya juma. Hatukuwahi kuzungumza, hata jina silijui. Yule mtu alikuwa akiinama saa mbili asubuhi, anainuka saa sita. Nikawa naona aibu kunyanyuka kabla yake. Nikitaka kwenda kunywa chai namtazama, kainama, na mimi nainama. Kwa muhula mzima nilisoma kwa aibu ya mtu asiyejua kama nipo. Hapo ndipo nilipoanza kujielewa: ukimya haunisaidii chochote. Nikiwa peke yangu mahali pakimya nalala. Ninachohitaji ni macho ya watu.

Ndiyo maana mimi ni mtu wa vimbweta, na hapa nitakaa kidogo.

Kama hujawahi kukiona, kimbweta ni meza ya zege na mabenchi yake ya zege, vimeshikana chini, chini ya mti, havihamishiki wala haviibiki. Vya kwetu viko chini ya mikaratusi nyuma ya jengo la utawala. Cha kwangu kina ufa unaopita katikati ya meza kama mto kwenye ramani, na pembeni mtu wa zamani alichora kwa msumari jina lake na la mwenzake, halafu la mwenzake likakwanguliwa. Ukiweka kikombe cha chai karibu na ufa kinainama. Chungu weusi wadogo wana barabara yao humo ndani. Ukimwaga sukari umeita mkutano.

Zege la Iringa usilikalie kabla ya saa nne asubuhi. Linakuwa limekunywa baridi ya usiku kucha, na litakurudishia yote kupitia makalio. Wenyeji huja na kipande cha boksi, hasa yale mazito ya mafuta ya kula, wanalikunja mara mbili. Wageni wanakalia madaftari yao. Kuanzia saa nne jua linapenya majani, saa saba meza ni ya vuguvugu kama tumbo la kuku aliyelalia, na hadi saa kumi hakuna mahali pazuri zaidi pa kusomea Nyanda za Juu Kusini nzima. Saa kumi na moja upepo unashuka na karatasi zinaanza kuruka. Hapo kila kimbweta kina mawe yake ya kugandamizia, na ole wako ubebe jiwe la watu.

Kimbweta ni mahali pa diskasheni. Maktaba ukifungua mdomo umefukuzwa, ila mimi kitu sikijui mpaka nikiseme. Kundi letu lilikuwa na watu watano, wote Kiswahili na Historia, na kanuni ilikuwa moja: unafunga daftari, unamweleza mwenzako, yeye anakuuliza mpaka ukwame. Ukikwama unanunua karanga. Rafiki yangu mmoja wa Njombe alikuwa na tabia ya kuuliza "kwa hiyo?" kila unapomaliza sentensi. Unasema Wajerumani walitoza kodi ya kibanda, yeye "kwa hiyo?". Nilimchukia kwa miezi miwili. Kwenye chumba cha mtihani nilimsikia akiuliza "kwa hiyo?" nikaendelea kuandika hadi karatasi za nyongeza.

Lakini vimbweta vina vita vyake, navyo ni vya kuwahi. Asubuhi unakuta meza haina mtu ila ina daftari, au chupa ya maji, au sweta. Hiyo maana yake mwenyewe yupo kipindini, atarudi saa sita, na wewe usikae. Nani alitunga sheria hii sijui, ila inaheshimiwa kuliko kanuni za chuo zenyewe. Na mimi niliitumia. Machi ya mwaka wa pili niliacha daftari la Historia mezani, jiwe juu, nikaingia kipindini. Mvua ilinyesha ile ya Iringa isiyopiga hodi. Nilipotoka daftari lilikuwa limevimba kama andazi. Wino ulikuwa wa jeli, wa bluu. Muhula mzima ulikuwa umeyeyuka ukawa anga. Jioni niliazima pasi, nikapiga ukurasa mmoja mmoja juu ya kanga, moto mdogo. Zilizopona zilikuwa za mwanzo, nilizoandika kwa kalamu ya kawaida ya shilingi mia mbili. Tangu siku hiyo naacha boksi tu. Likilowa, basi limelowa.

Mwenzangu wa kitanda cha juu hana makazi. Leo kimbweta, kesho ngazi za maabara, keshokutwa kibaraza cha kanisa. Nikamwambia anazurura. Akanijibu kwa saikolojia ya elimu, maana tulikuwa tumefundishwa wiki hiyo: mwaka 1978 watafiti Smith, Glenberg na Bjork waliwapa watu orodha ya maneno wajifunze mara mbili, na waliojifunza katika vyumba viwili tofauti walikumbuka zaidi kuliko waliorudia chumba kile kile. Nikaona anatafuta kisingizio cha kisomi. Lakini nikajaribu. Mada ya upinzani dhidi ya Wajerumani nilianzia maktaba, Jumamosi nikapanda nayo Gangilonga, lile jiwe ambalo jina lake kwa Kihehe ni jiwe linaloongea. Ukiwa juu yake mji wote uko chini ya miguu yako. Nikakaa hapo nikasoma vita vya Lugalo, 17 Agosti 1891, Wahehe wa Mkwawa wakikisambaratisha kikosi cha Emil von Zelewski. Mpaka leo ukinitajia tarehe hiyo naona mabati ya Iringa yanang'aa. Kwa hiyo yule dada ana hoja, ingawa sijamwambia.

Mgahawani mjini? Wapo wanaokwenda, kuna intaneti na kahawa nzuri. Ila piga hesabu. Posho ya Bodi ya Mikopo ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, ilipandishwa kutoka 8,500 mwaka wa masomo 2022/23. Humo utoe chumba, ugali, nauli ya bajaji, halafu ununue na haki ya kukalia kiti cha mtu saa nne? Nenda siku bumu, hiyo posho yenyewe, linapotoka, upige picha, urudi kwenye zege.

Madarasa ya usiku ndiyo shule ya wiki za UE, mitihani ya mwisho wa muhula. Mtihani wa mwisho kwetu una alama 60 kati ya 100, kwa hiyo wiki zile hata wale wa sizoni wanahamia madarasani na mablanketi mabegani kama wachungaji. Darasa dogo ni bora kuliko ukumbi: pumzi za watu kumi zinalipasha, vioo vinafanya ukungu, na ukisinzia kuna mtu atakurushia kipande cha chaki. Umeme ukikatika kunatokea mguno mmoja wa jengo zima, halafu tochi za simu zinawaka moja moja. Muhula mmoja ulikatika nikiwa na kazi ya kundi ya kurasa kumi na mbili sijaihifadhi, na betri ya kompyuta yangu ilishakufa zamani. Kundi walinisamehe. Iliwachukua wiki mbili.

Kwa wasichana nasema hili bila utani: kabla hujachagua darasa la usiku, itembee njia yake mchana. Hesabu taa. Kuna jengo lililokuwa na madawati mazuri kuliko yote, na hakuna msichana aliyekaa humo baada ya saa tatu, kwa sababu ya ile mita hamsini ya giza nyuma ya matangi ya maji. Tulilalamika mara nyingi. Iliwekwa taa, ikaungua, ikabaki mlingoti. Sisi tulibanana jengo la kwanza, viti vibovu, kwa sababu ya mlinzi mmoja mzee ambaye alikuwa anapita kila saa na rungu lake na koti la jeshi lililopauka.

"Kamwene, babu."

"Kamwene, mwanangu. Mko wangapi humo?"

"Watano."

"Mabinti?"

"Niko peke yangu leo."

"Basi saa sita nakuja kukuchukua, uondoke na wale wa darasa la pili. Usitoke mwenyewe."

Na saa sita kamili alikuwa mlangoni, anagonga kitasa kwa rungu, mara mbili, taratibu, asiwashtue waliolala. Ukiniuliza huduma bora kuliko zote niliyopata pale chuoni katika kusoma kwangu, nitakutajia hiyo kabla ya kitabu chochote, na haikuwa kwenye fomu ya ada.

Nyota nikiulizwa: kimbweta nne na nusu, hiyo nusu wameila mvua na chungu. Maktaba tatu, itafikia nne siku soketi zikitengenezwa. Darasa la usiku nne akiwepo babu, moja akiwa zamu nyingine. Chumbani usinichekeshe.

UE zinaanza Jumatatu. Kimbweta chenye ufa, cha pili kutoka jengo la utawala, kina boksi langu limeandikwa kwa kalamu nyekundu. Hadi tarehe ya mwisho ya mitihani liacheni hapo hapo. Baada ya hapo atakayewahi achukue, na ekstensheni nitamwachia yule mama wa kaunta.