Nimekaa Vikao Sita Nikichorwa Sura Yangu: Uchambuzi Wangu Baada ya Miezi Minane

Watazamaji wangu, karibuni sana. Leo sina simu mpya wala boksi la kufungua. Bidhaa ya leo ndiyo hii mnayoiona nyuma yangu ukutani: sura yangu, imechorwa kwa mkono, rangi ya mafuta juu ya kanvasi, sentimita 40 kwa 50. Nimekaa nayo miezi minane kabla ya kuwasha kamera, kwa sababu picha ya namna hii huwezi kuitolea hukumu siku ya kwanza. Siku ya kwanza unajitafuta tu.

Ngoja niishushe niwasogezee. Tazameni hapa, chini ya jicho la kushoto. Kwa mbali ni ngozi yangu, kahawia kama mnavyonijua. Sasa nikiisogeza karibu hivi... mnaona? Kuna kijani. Kijani kabisa, na pembeni yake mpako mmoja wa brashi wa buluu iliyofifia. Nilipouona mara ya kwanza nilishtuka, nikadhani mchoraji amekosea. Akanipa kioo, akaniambia nisogee dirishani. Ndugu zangu, kijani kipo! Mwanga ukipita kwenye ngozi laini ya chini ya jicho, hapo ndipo kilipo. Nimekuwa na uso huu maisha yangu yote na sikuwahi kukiona.

Hicho ndicho kilichonifanya niseme lazima nirekodi video hii. Wengi wanaponiuliza kuhusu picha hii huuliza imefanana kiasi gani. Mimi nawajibu kuhusu vile vikao. Nilikaa vikao sita, kila kimoja kama saa mbili. Kikao cha kwanza nilikuja na uso wa picha, ule tunaouvaa tukiona simu imeinuliwa: kidevu juu kidogo, tabasamu la kupimwa. Uso ule haudumu dakika ishirini. Misuli inachoka, tabasamu linaanguka lenyewe, na unabaki na uso ulio nao ukiwa peke yako jikoni unasubiri maji yachemke. Mchoraji alikuwa anausubiri huo. Alinieleza baadaye kwamba nusu saa ya kwanza alikuwa anapima tu: macho yako wapi, sikio linaishia wapi, na rangi alikuwa hajaigusa kwa dhati.

Jiulizeni, ni lini mara ya mwisho mtu mzima alikutazama kwa saa mbili, bila simu mkononi, bila kukudai kitu? Mama hutazama hivyo mtoto mchanga. Baada ya hapo watu wanakuangalia kwa haraka, hata wanaokupenda. Kikao cha tatu nilitokwa na machozi kidogo, wala sikuwa na huzuni. Mchoraji hakusema neno. Alingoja, kisha akaendelea na shavu.

Na vikao sita ni vichache. Ambroise Vollard, muuza picha wa Paris, alichorwa na mchoraji Mfaransa Paul Cézanne mwaka 1899. Yeye mwenyewe alieleza kwamba alikaa mara 115, na mwishoni Cézanne akasema kifua cha shati hakikutoka vibaya. Shati!

Haya, kufanana. Dada yangu alipoiona alisema papo hapo, "Huyu ni wewe ukiwa umechoka lakini una amani." Mimi mwenyewe ilinichukua kama wiki mbili kuizoea, na sababu mojawapo ni rahisi: uso ninaoujua ni wa kwenye kioo, na kioo hugeuza kulia kuwa kushoto. Mchoraji ameniweka kama wengine wanavyoniona. Nyusi yangu yenye kovu imehamia upande "usio wake". Hata simu ikishikwa karibu na uso hukuza pua na kurudisha masikio nyuma. Mchoraji alikaa kama mita mbili kutoka kwangu, kwa hiyo pua yangu imepata haki yake.

Sasa niwape upande unaouma. Kabla ya hii niliwahi kuagiza sura ya marehemu baba kutoka kwa picha yake ya kamera, kwa watu waliotangaza kuwa wanachora kwa mkono. Majina sitaji. Kilichofika kilikuwa picha iliyochapishwa na mashine, juu yake wamepaka utando wa uwazi wenye michirizi ya brashi. Nilikuwa nimeshawaita ndugu waje kuiona. Kwa hiyo shikeni hili: chukueni tochi, imulikeni picha kutoka ubavuni. Kwenye picha iliyochorwa kweli, matuta ya rangi hufuata umbo. Mpako wa brashi unapinda na shavu, unakatika kwenye ukingo wa mdomo. Kwenye ile ya baba michirizi ilikwenda ovyo, ikapita juu ya jicho kama jicho halipo. Kisha chukueni kioo cha kukuzia. Mkiona vidoti vidogo vidogo vilivyopangana, hiyo imetoka kwenye mashine.

Baba alichorwa upya na mchoraji huyu huyu. Alitaka picha tatu za kamera, siyo moja, kisha akaniuliza maswali ambayo sikuyatarajia: alicheka kwa mdomo wazi au kwa macho? Alishika kikombe kwa mkono gani? Kwa hiyo kuchorwa kutoka kwenye picha inawezekana, ila mtafuteni anayeuliza.

Kuhusu utunzaji nitakwenda haraka. Rangi ya mafuta haikauki kwa maji kutoka. Mafuta ya mbegu za kitani yaliyomo hushikana na oksijeni ya hewani na kugeuka utando mgumu, na kazi hiyo ni ya miezi. Ndiyo maana yangu imepakwa vanishi ya mwisho juzi tu. Msiitundike kwenye jua la moja kwa moja wala ukuta wenye unyevu, na msiifute kwa kitambaa kibichi. Ikitunzwa inadumu. Kule Misri, huko Fayum, kuna sura za watu zilizochorwa kwenye mbao karne za kwanza baada ya Kristo, nyingi kwa rangi ya nta, na hadi leo zinakutazama machoni.

Na zungumzeni na mchoraji mapema, muone kazi zake za nyuma. Winston Churchill, akiwa waziri mkuu wa Uingereza, alipewa na Bunge la nchi hiyo picha yake iliyochorwa na mchoraji Graham Sutherland mwaka 1954. Aliichukia, na baadaye mkewe akahakikisha imeharibiwa. Mtindo wa mtu ukiwa hauupendi kwenye nyuso za wengine, hutaupenda kwenye wako.

Mimi ningelipia tena? Ndiyo, na safari ijayo anakaa mama. Nimeshamwambia. Aliuliza avae nguo gani, kisha akanyamaza kidogo, akauliza: "Na huyo mtu atakuwa ananitazama muda wote huo?" Nikamwambia ndiyo, mama, muda wote. Kikao cha kwanza ni Jumamosi.