Duka la Kubeti Lenye Vioo Vyeusi, Mtwara Mjini

Duka hili lipo mwendo mfupi kutoka Soko Kuu, nami nimelitembelea mara nne katika msimu uliopita wa korosho. Kwa huduma ya kaunta sina lawama: wahudumu wana adabu, mkeka, yaani karatasi ya ubashiri wako, hutoka haraka, na aliyeshinda hulipwa bila kuzungushwa. Tangazo la kuwazuia walio chini ya miaka 18, kama sheria inavyotaka, limebandikwa mlangoni.

Kinachonisumbua ni namna duka linavyomrahisishia mtu kujificha. Vioo vimezibwa kwa karatasi nyeusi, na mlango wa nyuma unatokea uchochoroni. Hapo ndipo nilipomkuta mtu mzima akifuta ujumbe wa muamala, kisha akaukunja mkeka mara nne na kuuchomeka nyuma ya kava la simu. Alipoinua uso, nikamtambua.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Hapa hujaniona."

Kwetu kusini mjomba ndiye anayeitwa ndoa inapoyumba au shamba linapogombaniwa, kwa hiyo nilidhani anaogopa heshima yake kushuka, na pengine anaogopa msikitini, kwa kuwa Sura ya Al-Maida inaitaja kamari pamoja na ulevi. Hayo yalikuwemo. Lakini jioni ile barazani alinieleza jambo zito zaidi: fedha ya korosho iliyopitia chama cha msingi cha ushirika, aliyoitenga kwa palizi na salfa ya kupulizia mikorosho, ilikuwa imeliwa, naye aliamini kwamba mkeka mmoja tu ungeirudisha kabla mkewe hajaiulizia. Siri ilikuwa njia ya kununua muda, na kila siku aliyoinunua ilimgharimu mkeka mwingine. Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani wa 2013 unahesabu uongo wa kuficha ukubwa wa kamari, pamoja na kurudi kufukuzia hasara, miongoni mwa dalili tisa za uraibu huu. Mjomba alikuwa nazo zote mbili, na sisi tulimwita mtu msiri.

Programu ya simu ya duka hilohilo ina kasoro ninayoiona kubwa kuliko vioo. Inaonyesha mkeka mmoja mmoja, elfu mbili hapa, elfu tano pale, wala haina mahali panapojumlisha ulichoweka kwa mwezi mzima. Mtu anaweza kujificha hata na nafsi yake. Ningeomba jumla hiyo iwekwe juu kabisa, kando ya salio, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka.

Tulijumlisha wenyewe kwenye daftari, mimi nikisoma na yeye akiandika, hadi taa ikahitaji mafuta. Alipofika mstari wa mwisho alinyamaza kitambo, akaichomoa ile karatasi daftarini kwa uangalifu, akaenda nayo ndani kwa mkewe.