Darasa la sauti Sinza: zuri, ila andaa masikio yako mwenyewe

Kwaya yetu ilikuwa inajiandaa na mashindano ya jimbo, mwenyekiti akaamua kila sauti itoe watu wa kwenda kunolewa. Sauti ya pili wakanitoa mimi na dada mmoja wa Kimara. Ndivyo nilivyofika kwenye hili darasa, na kwa kuwa watu wa kwaya nyingine wananiuliza kama linafaa, naandika hapa mara moja nipumzike.

Liko Sinza. Unashuka Kumekucha, unaingia ndani kidogo, ghorofa ya kwanza juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Ada ni shilingi 150,000 kwa kozi nzima na wanakubali ulipe kwa awamu mbili. Vipindi ni Jumamosi saa 10 jioni, yaani saa 10 na nusu. Feni ziko mbili, inayozunguka moja. Baa ya jirani wakifungulia singeli, basi mnaimba nayo. Kama una gari, bora uje na bodaboda.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nisijutie hela yangu. Kipindi cha kwanza hakuna do-re-mi. Mwalimu alitaka kila mtu ajitambulishe na aseme anaimbaje. Jamani! Akina mama wote, mmoja baada ya mwingine: "Bwana Yesu asifiwe, mimi sina sauti, namsindikiza tu Bwana." Halafu akasimama kijana mmoja, kiongozi wa kusifu na kuabudu huko Mbezi, akatuambia yeye ana upako wa sauti na akiimba watu huanguka. Mwalimu hakumjibu mtu. Akatuimbisha ubeti mmoja wa tenzi ambayo kila Mkristo anaijua, mmoja mmoja, huku anarekodi kwa simu. Kisha akagawa karatasi: andika sauti yako imefanya nini. Maneno "nzuri" na "mbaya" hayaruhusiwi. Unaandika "nilikata neno katikati nikavuta pumzi", "nota ya mwisho ilishuka", "hapa palikaa sawa".

Ndipo akatusikilizisha. Wengi wetu tulijifunika uso. Akaeleza kwamba unapoimba unajisikia kwa njia mbili, hewani na kupitia mifupa ya kichwa chako, na hiyo mifupa ndiyo inayoongeza uzito na besi. Simu inachukua ya hewani peke yake, ndiyo maana unajikuta mwembamba kuliko ulivyozoea. Kwa hiyo ile sauti unayoijua tangu utoto, hapa duniani umeisikia wewe tu. Kanisa zima linasikia nyingine.

Kulikuwa na mama mmoja wa Tabata, mtu mzima kuliko mimi, kati ya wale wa "sina sauti". Rekodi yake ilipoisha chumba kilikuwa kimya. Mwalimu akamuuliza, kwa adabu kabisa, "Mama, hii sauti ni ya nani?" Mama akajibu haraka, "Ya Mungu, mwalimu." "Sasa mbona ulipokuwa unajitambulisha uliisema vibaya?" Tulicheka, na yeye akacheka, lakini niliona limemwingia. Hii lugha ya kujishusha tunaijua sote. Ukipendekezwa ukatibu wa umoja wa wanawake lazima ukatae kwanza, ubembelezwe, ndipo ukubali kwa shingo upande. Na wakimchukua mwingine kweli kama ulivyoomba, unanuna mwezi mzima.

Nikamkumbuka Sauli. Siku ya kutangazwa mfalme alijificha kwenye mizigo, mtu aliyewapita watu wote kwa urefu kuanzia mabegani kwenda juu. Huko nyuma alishamwambia Samweli kwamba anatoka kabila dogo kuliko yote. Ukisoma hapo tu utasema huyu ndiye mnyenyekevu. Geuza kurasa chache ufike sura ya 15 ya Samweli wa Kwanza: amejisimamishia mnara Karmeli. Kwa maoni yangu hakubadilika tabia. Mizigoni na kwenye mnara, macho yake yalikuwa hapo hapo, kwake mwenyewe.

Yule kijana wa Mbezi naye rekodi ilimwonyesha kwamba akipandisha nguvu anatoka nje ya ufunguo. Akasema simu ni mbovu. Ikachezwa kwenye spika, akasema spika. Baadaye aliacha kuja. Nasikia maiki bado anaishika yeye.

Malalamiko yangu. Tulikuwa wengi mno kwa chumba kile, na sauti ya kwanza ndio waliokula muda. Kina baba wa besi walikaa wakichezea simu. Pia kuna bango ukutani, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu", na mwalimu analinyooshea kidole kila mtu anaposhindwa nota ya juu. Hapo simwungi mkono. Paulo aliyaandika hayo akiwa kifungoni, na mstari ulio juu yake unazungumzia kushiba na kuona njaa. Habari za kupanda nota hazimo. Angebandika 1 Wakorintho 15, pale Paulo anapojiita mdogo kuliko mitume wote, na pumzi hiyo hiyo anasema amefanya kazi kuliko wote, kisha anaongeza kwamba si yeye, ni neema iliyo pamoja naye. Anayataja yote mawili bila aibu. Hilo ndilo darasa lenyewe, na nilimwambia mwalimu. Akasema bango lilitolewa na mfadhili.

Mimi nimetoka na kitu kimoja cha uhakika: najua koo langu linaishia wapi. Tuliporudi mazoezini, mwalimu wetu wa kwaya alinipa kuongoza wimbo mzima. Nikamwambia, "Mwalimu, beti mbili za mwanzo naziongoza, zimenikaa vizuri. Ya tatu mpe dada wa Kimara, inapanda kuliko mimi." Alinitazama kama nimemtukana, maana alishazoea kubembeleza. Akampa.

Kozi nyingine inaanza mfungo ukiisha. Fotokopi za nota mnajigharimia wenyewe, risiti mpaka uikumbushie, na chooni beba tishu.