Miaka mitatu na Toyota IST ya oto niliyoipima ikiwa baridi

Goti langu la kushoto ndilo lililonitoa kwenye manyuo, magari ya kubadilisha gia kwa mkono. Nilianguka ngazi kazini, likapona nusu, na tangu hapo kukanyaga klachi kwenye foleni ya Kimara hadi Ubungo, Dar es Salaam, ikawa mateso. Nikifika nyumbani nashuka garini nikichechemea. Daktari akaniambia wazi: mama, tafuta gari la oto, linalobadilisha gia lenyewe.

Nilitafuta kwa haraka, na haraka hiyo iliniumiza. Gari langu la kwanza la oto lilikuwa dogo, safi, rangi inang'aa, lenye gia boksi ya CVT. Nilipofika kwa muuzaji nilikuta injini inaunguruma na AC imeshapoza viti. Nikaona huo ni ukarimu. Tukazunguka mtaani kwenye lami tambarare, dakika kumi, nikalipa. Baada ya miezi miwili, napandisha kilima cha Goba na watoto nyuma, injini ikapiga kelele, mshale wa mizunguko ukapanda, gari likabaki pale pale. Nyuma yangu honi zinapigwa. Nililia siku ile, sioni aibu kusema.

Fundi alipomwaga oili ilitoka nyeusi, na akaniambia haikuwa oili ya CVT. Aliyekuwa nalo kabla yangu aliweka oili ya kawaida ya gia boksi za oto. Ndipo nikaelewa kitu ambacho hakuna aliyekuwa amenieleza. CVT haina gia za kupanda moja, mbili, tatu. Ina mkanda wa chuma uliobanwa kati ya puli mbili zinazopanuka na kujikaza, na mkanda ule hushika kwa nguvu ya oili iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Ukiweka nyingine, mkanda unateleza, unakwaruza puli, na mikwaruzo haifutiki. Niliuza gari lile kwa hasara, na mnunuzi nikamwambia ukweli wote.

Sisemi CVT ni mbaya. Ukijua historia yake na oili imebadilishwa inavyotakiwa, ni laini na inabana mafuta. Ila kwa gari la mkononi ambalo sijui nani kalifanyia nini, mimi nimechagua gia boksi ya oto ya kawaida ya gia nne. Ndiyo maana nikaangukia kwenye Toyota IST ya toleo la kwanza, yale ya 2002 hadi 2007. Yako ya cc 1,300 na ya cc 1,500, na injini zake ni ndugu moja na za Vitz, kwa hiyo hata fundi wa mji mdogo kama Mlandizi ameshazifungua mara nyingi na spea zipo kila duka. Tahadhari moja: toleo la pili lililoanza 2007 lina jina lile lile, lakini mengi ya cc 1,500 yana CVT. Uliza gia boksi, usiishie kwenye jina la gari.

Nililipata Kibaha, kwa mwalimu mstaafu. Safari hii nilimpigia simu usiku: "Shikamoo mwalimu, naomba kesho usiliwashe gari mpaka nifike." Akacheka, akasema, "Marahaba mwanangu, hata ufunguo sitaugusa." Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mimi na fundi tulikuwa getini. Kabla ya salamu kuisha fundi alishaweka kiganja juu ya boneti. Baridi, na umande bado upo.

Hapo ndipo penye siri yote. Gia boksi iliyochoka mara nyingi hujificha ikishapata moto, na nyingine hufanya kinyume: ikiwa baridi iko sawa, ikichemka inaanza kuteleza. Muuzaji anayekukaribisha na gari linalounguruma amekunyima nusu ya habari. Kwa hiyo inapimwa mara mbili.

Fundi aliwasha, akaacha injini itulie, akakanyaga breki na kutoa gia kutoka nyutro kwenda D, ile ya kwenda mbele. Aliniambia nihesabu kimoyomoyo. Sikumaliza hata "moja" kabla gari halijajikaza taratibu, bila kishindo. Akarudi nyutro, akaweka rivasi, ikawa hivyo hivyo. Gari likikaa sekunde mbili tatu ndipo linashika, au likiruka kama limepigwa teke, usiendelee na mazungumzo ya bei. Kisha tukaingia Morogoro Road. Kwa mguu mwepesi nilisikia gia zikipanda moja baada ya nyingine, na kila ikipanda sauti ya injini inashuka kidogo. Nikakanyaga mafuta ghafla ili kuona kama itashusha gia yenyewe, ikashusha na gari likavuta. Tukatafuta mlima. Nilikuwa na hofu ya Goba moyoni, lakini lilipanda bila kelele zile.

Tuliporudi gari likiwa la moto, fundi aliliacha linaunguruma, akapitisha gia zote polepole hadi P, ile ya kuegesha, akachomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, na kuifutia kwenye karatasi nyeupe ya tishu. Nilisogea karibu kabisa. Doa lilikuwa la waridi, likasambaa taratibu kwenye tishu, halina chembe nyeusi katikati. Akaninusisha. Harufu ya mafuta tu, hakuna harufu ya kuungua. Mwalimu aliingia ndani akatoka na daftari la shule la kurasa 40: kila oili aliyobadilisha ameandika tarehe na kilomita, na oili ya gia boksi ni T-IV, ile yenyewe ya Toyota. Gari lilikuwa na kilomita 118,000, na pedali ya breki na usukani vilifanana na namba hiyo. Pedali iliyolika hadi kung'aa kwenye gari lenye kilomita 60,000 huenda ni uongo wa mita ya kilomita.

Makaratasi hayakuchukua muda. Namba ya chesisi tulilinganisha na kadi ya gari, tukaangalia kama kuna faini za trafiki zinazodaiwa, na nikataka kuiona kadi halisi mkononi, kwa sababu wapo wanaouza gari huku kadi imewekwa dhamana ya mkopo. Tukaandikishana kwa wakili. Shilingi milioni 10.5.

Sasa ni miaka mitatu. Kila kilomita 40,000 namwaga oili ya gia boksi, zinatoka takriban lita tatu, naweka kiasi kile kile kilichotoka. Mashimo ya mitaani kwetu yameshanilazimisha kubadilisha maunti moja ya injini, mpira unaoishikilia injini. Kabla ya hapo gari lilikuwa linatikisika nikiweka D, nikadhani gia boksi inakufa, kumbe ni mpira. Rejeta nayo naichunga kuliko wengi: kwenye magari mengi ya oto, oili ya gia boksi hupozwa ndani ya rejeta, na ikitoboka kwa ndani maji huingia kwenye gia boksi na kuiua. Kwa hiyo simimini maji ya bomba, naweka kulanti, maji maalumu ya rejeta.

Mara moja betri ilikufa Mbezi, kijana wa msaada akaja na kamba ya kulivuta hadi Kimara. Nilikataa kata kata. Gari la oto likivutwa magurudumu yanayoendeshwa yakiwa chini, gia boksi inazunguka bila oili kusukumwa, maana pampu inategemea injini. Tulisubiri betri ya kuazima. Na kwa dada zangu walioanza oto juzi: simama kabisa ndipo utoke rivasi kwenda D. Sekunde moja tu.

Goti haliumi tena kwenye foleni. Daftari la mwalimu limejaa, nimenunua la pili na kuliunga kwa gundi nyuma ya lile la kwanza. Kila mwaka mpya hunipigia, na kabla hajauliza habari za watoto anauliza gari limefika kilomita ngapi. Nikamsomea juzi: 156,300, oili bado ya waridi.