Solidigm D5-P5336 ya terabaiti 61.44: bei ya dukani na bei ya miaka mitano

Anayenunua diski za flashi kwa ajili ya kituo cha data aghalabu huanza kwa kugawanya bei kwa terabaiti, na kwa hesabu hiyo D5-P5336, diski ya flashi ya kampuni ya Solidigm iliyotangazwa Julai 2023, inavutia mno. Seva moja yenye nafasi 24 hubeba karibu petabaiti 1.5, mzigo ambao ungehitaji zaidi ya diski za sumaku 60 za terabaiti 24. Nafasi inayookolewa ni ya kweli, na sina ubishi nayo.

Ujazo huo unatokana na seli za QLC, ambazo kila moja huhifadhi biti nne na huchoka upesi kuliko seli za biti tatu. Dhamana ni ya miaka 5, na katika muda huo diski inaruhusiwa kuandikwa asilimia 58 ya ujazo wake kila siku, yaani takriban terabaiti 35. Ni kiasi kikubwa, ila kina sharti ambalo wauzaji hulitaja kwa sauti ya chini: diski hii hupanga data kwa vipande vya kilobaiti 16. Hifadhidata inayoandika vipande vya kilobaiti 4, huku na huku, huilazimisha kusoma kipande kizima, kubadilisha robo yake, kisha kukiandika chote upya. Hapo terabaiti 35 hushuka hadi 9 hivi, na asiyepunguza uandishi wake anaweza kuimaliza diski ya miaka 5 kwa mwaka mmoja na robo.

Kwa sababu hiyo, nashauri diski zilizopo zipimwe kwa mwezi mzima kabla ya kuagiza mpya. Kihesabio cha data iliyoandikwa peke yake hakitoshi, kwani huonyesha kilichotumwa na seva tu. Asilimia ya uchakavu, inayopatikana katika kumbukumbu hiyohiyo ya afya ya diski, ndiyo inayofichua kazi ya ndani.

Kwa nakala rudufu, video na data ya kufundishia akili mnemba, ambazo huandikwa kwa mafungu makubwa na kusomwa mara nyingi, ningeinunua bila kusita. Kwa miamala ya benki ningelipa zaidi nipate seli za biti tatu.

Umeme ni wati 25 kazi ikipamba moto, sawa na kilowati-saa 1,095 kwa miaka 5 mfululizo, bila kuhesabu upoozaji. Diski moja ikifa, kuijaza mbadala wake kwa gigabaiti 3 kwa sekunde huchukua karibu saa sita, na zaidi ya hapo watumiaji wakiwa kazini, hivyo diski ya akiba iwemo katika bajeti tangu mwanzo. Iwemo pia njia ya kufuta data siku ya kuistaafisha, kwa sababu mashine ya sumaku iliyozoeleka kwa diski za zamani haiigusi flashi hata kidogo.