Rotaveta, plau na ripa: uzoefu wangu baada ya misimu kadhaa

Trekta yangu ni ya nguvu za farasi 50, na nyuma yake nafunga zana tatu kwa zamu: plau ya sahani tatu, rotaveta ya upana wa mita moja na nusu, na ripa ya meno mawili. Shamba ni la mfinyanzi, udongo ambao kiangazi hukauka ukagoma hata jembe la mkono. Mwenye kichanga, mambo yake ni mengine.

Rotaveta ndiyo inayosifiwa na kila muuzaji, na kusema kweli kazi yake inavutia macho. Kwenye ardhi iliyokwisha kulimwa, pasi moja tu visu vyake vya umbo la L vinasaga madongoa na kuchanganya mabua na udongo, halafu bati la nyuma linasawazisha. Kwa mbegu ndogo kama za karoti au kitunguu sijaona mbadala wake. Haiichoshi trekta kwa kuvuta pia, maana visu vinazunguka kuelekea mbele na vyenyewe vinaisukuma.

Ila ipeleke kwenye ardhi ngumu ambayo haijaguswa uone. Inarukaruka, shafti inagonga, visu vinalika upesi. Na hata pale inapofanya kazi vizuri, ikitumika peke yake kila msimu inaacha tabaka gumu chini kidogo ya pale visu vinapofika. Mimi hulipima kwa kipande cha nondo wakati udongo una unyevu: kinashuka bila taabu hadi sentimita kama 15, kisha kinagoma ghafla. Ukichimba hapohapo utakuta mizizi ya mahindi imefika, imekunja kona na kutambaa pembeni. Juu nako, udongo uliosagwa ukawa unga ukipigwa na mvua kubwa hufanya gamba, na mche unahangaika kulipasua. Dawa yake ni kuinua lile bati la nyuma na kuongeza mwendo wa trekta, ili madongoa madogo yabaki.

Ripa haina urembo wowote. Ukimaliza kupita, jirani anaweza kudhani hujalima, ni michirizi tu. Lakini ndiyo iliyobadilisha shamba langu kuliko hizo nyingine. Haigeuzi udongo, inaupasua kwa chini, na maji ya mvua yanapata pa kuingilia badala ya kukimbilia mtaroni. Sharti lake ni moja: udongo uwe mkavu. Ukiwa umelowa jino linachana mfereji tu, pembeni hapapasuki kitu. Inakula nguvu kwelikweli. Pale pagumu zaidi natoa meno yote mawili na kufunga moja katikati, la sivyo magurudumu yanazunguka hapohapo.

Plau sina mengi ya kuisema. Sahani zinapanda juu ya visiki na mawe bila kuvunjika, na hiyo peke yake inatosha kuiweka kwenye shamba jipya. Ikigoma kuingia, ziweke sahani wima zaidi kabla hujafikiria kuongeza uzito.

Malalamiko yangu yamwendee aliyeniuzia rotaveta. Shafti ya PTO, ile inayopeleka nguvu ya injini ya trekta kwenye zana, ilikuja ndefu kuliko nafasi iliyopo kati ya trekta na zana, wala hakutamka neno. Shafti ya namna hiyo, ukinyanyua zana kwa haidroliki, mabomba yake yanagota ndani kwa ndani na kusukuma beringi za giaboksi. Fundi alinikatia bomba la ndani na la nje kwa kipimo kimoja, pamoja na kava za plastiki. Kava hizo usizitupe hata zikikukera: shafti inazunguka mara 540 kwa dakika, na upindo wa nguo ukinaswa hutapata muda wa kuuvuta.

Leo ningekuwa na uwezo wa kununua zana moja tu kwa mfinyanzi huu, ningechukua ripa, rotaveta nikawa naikodi ninapotaka kupanda mboga. Kwa aliye nayo tayari: kaza bolti za visu kila unapomaliza kazi, na ukibadilisha visu angalia vizuri, kuna vya kulia na vya kushoto.